Msafisha Dohani Haulizwi Mlangoni

Katika jengo letu, upande wa kaskazini wa Magdeburg, hakuna aliyejua kwamba Lothar Wernicke alikuwa ameanza kusahau jina la binti yake. Tulijua kwamba alikuwa msafisha dohani aliyestaafu, na kwamba hata baada ya kustaafu hakuacha kuvaa koti lake jeusi la kazi lenye safu mbili za vifungo vya rangi ya dhahabu, na kofia yake ndefu nyeusi iliyosimama kichwani kama dohani yenyewe. Tukipishana naye ngazini tulinyoosha mkono tukakigusa kifungo kimoja, kama tulivyofundishwa na bibi zetu, ili siku ituendee vizuri. Yeye alicheka na kuinua kofia. Nani angedhani kwamba ndani ya mtu anayecheka vile taa zilikuwa zinazimwa, chumba baada ya chumba?

Mke wake alijua. Edeltraud, ambaye sote tulimwita Traudel, alikuwa amepika miaka mingi katika jiko la shule ya chekechea, na alikuwa na ule ukimya wa watu waliozoea kufuta meza kabla mwingine hajaona kilichomwagika. Lothar akiweka viatu ndani ya jokofu, alivitoa. Akiamka na kuuliza mama yake yuko wapi, alimjibu kwamba mama amelala. Na ni yeye aliyegundua siri ya koti. Ndani ya sweta, Lothar alikuwa mzee aliyepotea. Ndani ya koti jeusi mgongo ulinyooka, macho yakatulia, na watu walimpokea kwa furaha kiasi kwamba hawakupata nafasi ya kutambua kuwa majibu yake hayakuwa ya maswali yao. Koti lilikuwa pazia. Traudel alilipiga pasi kila wiki.

Mengine ya siku ile alitusimulia mwenyewe, baadaye, kwenye chumba cha kufulia, huku akikunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa.

Binti yao, Anke, anaishi Braunschweig. Alikuja mwezi wa Agosti akakuta jiko la gesi linawaka bila sufuria. Hakusema kitu mbele ya baba yake. Mwanzoni mwa Oktoba alipiga simu: kumepatikana chumba katika makao ya wazee karibu na kwake, chumba ambacho watu hukisubiri mwaka na zaidi. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Baba yako ana nyumba," Traudel alisema.

"Mama, wewe mwenyewe huwezi hata kwenda sokoni ukamwacha."

"Naenda naye. Tunakwenda popote tunapotaka."

"Popote?"

"Popote."

"Basi sawa. Toka naye siku nzima. Nendeni matembezi kama zamani, mzunguke, mle, mrudi. Mkirudi salama, bila polisi, bila mtu kukukimbilia kukusaidia, hicho chumba nawaachia wengine na sitasema tena neno. Mkishindwa, Jumatatu natia saini. Lakini utaniambia ukweli."

"Nimewahi kukudanganya?"

"Kila Jumapili, Mama, ukinipigia simu usiku."

Traudel alichagua Quedlinburg. Ndiko Lothar alikojifunza kazi yake ujanani, akilala kwa bwana wake na kupanda mapaa ya mji ule mchana kutwa. Aliwaza hivi: ya jana hayamo tena kichwani mwake, lakini ya zamani yamesimama kama kuta. Mji anaoujua utamshika. Ndivyo alivyowaza, na mpaka leo siwezi kusema kwamba aliwaza vibaya. Mji ulimshika kweli.

Waliondoka Ijumaa asubuhi. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba treni ile hukatwa vipande viwili Halberstadt: mabehewa ya mbele yanaendelea Quedlinburg na Thale, ya nyuma yanakwenda Blankenburg. Traudel alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini pale Magdeburg Lothar aliingia mlango wa kwanza alioukuta, na mlango ule ulikuwa wa nyuma, naye Traudel hakutaka kumvuta mkono mbele za watu kama mtoto. Alijiambia watahama baadaye.

Aliyekaa mbele yao alikuwa mama mmoja mnene, anafuma soksi.

"Eh, leo nimebarikiwa!" alisema. "Mjukuu wangu anafanya mtihani wa udereva asubuhi hii. Mara ya tatu! Bwana mkubwa, niguse?"

"Gusa, gusa," alisema Lothar, akatoa kifua.

Mama akakisugua kifungo. "Ya tatu, lakini ni kijana mzuri."

"Anatumia makaa au kuni?" Lothar aliuliza.

Mama alicheka mpaka soksi ikamdondoka. Traudel naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayefunga mlango haraka, na chini ya meza akalishika goti la mumewe.

Kipaza sauti kilipotangaza Halberstadt, alisimama. "Twende, mzee wangu. Tunahama behewa."

"Tumefika?"

"Bado. Tunahamia mbele."

"Kwa nini nihame? Nimekaa vizuri. Mama huyu ana biskuti."

"Lothar."

"Wewe nenda. Mimi nitakufuata."

Nje, kwenye jukwaa, watu walikuwa wanahama tayari, wale wanaojua. Traudel alisikia chuma kikigongana chini ya sakafu, mahali ambapo treni inaachana na nusu yake. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akaivua kofia kichwani mwa mumewe na kushuka nayo. Lothar akainuka papo hapo, akaifuata kofia yake akilalamika, na wote wawili wakakimbia kwenye mvua nyembamba kando ya mabehewa, yeye mbele na kofia, mzee nyuma na vifungo vyake. Kondakta aliwashikilia mlango.

"Haraka, fundi! Tumechelewa, tunahitaji bahati yako leo!"

Walipokaa, Traudel aligundua kwamba mwavuli umebaki kwenye behewa la Blankenburg. Hakuusikitikia mwavuli. Alitazama dirishani, akaiona ile nusu nyingine imesimama peke yake, na akaona kwa macho ya moyo kiti kile, na Lothar amekaa pale akila biskuti, anapelekwa mbali naye taratibu, anafurahi.

Quedlinburg ilikuwa imelowa. Nyumba za mji ule ni za boriti na udongo, za karne nyingi, zimeegemeana mabegani kama walevi wanaorudi nyumbani, na ukitembea katikati yake unaona mbingu kama utepe. Lothar alitembea katikati ya barabara, mikono nyuma, mtu mwingine kabisa. Hapa bwana wake alimmwagia ndoo ya masizi. Pale palikuwa na mwoka mikate aliyewapa mikate ya jana. Hakukosea kona hata moja. Traudel alimpa mkono, na kwa muda, wakipanda kilima cha kasri, alihisi kwamba ameshinda. Aliwaza hata maneno atakayomwambia Anke jioni, na sauti atakayoyasemea, sauti ya kawaida tu, isiyo na majigambo.

Juu ya kilima, kwenye ukuta wa bustani ya kasri, mji mzima unaonekana kutoka juu: mapaa mekundu, mengine yamepinda, mengine yameota majani ya kijani ya unyevu, na dohani mamia kwa mamia. Wageni walikuwa wanapiga picha. Lothar alisimama, akatazama kama mkulima anavyotazama shamba aliloliacha kwa wengine.

"Hazijasafishwa," alisema.

"Zipi?"

"Zote."

"Wapo vijana wa kazi hiyo sasa, Lothar."

"Siwaoni."

Kweli hakukuwa na mtu juu ya mapaa. Traudel akamgeuza taratibu. Mvua ilizidi, na kwa kuwa hawakuwa na mwavuli ikabidi waingie mkahawa wa kwanza chini ya kilima, uliojaa watu waliolowa na harufu ya makoti ya sufu. Wakapata meza ndogo karibu na mlango. Hakuitaka meza ile. Ilikuwa ndiyo iliyobaki.

Anke alipiga simu wakati keki ya jibini ilipoletwa.

"Mko wapi?"

"Quedlinburg. Tumetoka kasrini. Baba yako amenionyesha mji mzima, ungemwona."

"Hakuna kilichotokea?"

"Tumesahau mwavuli."

"Nani amesahau?"

"Mimi," Traudel alisema, na ilikuwa kweli.

"Nitumie picha."

Akampiga Lothar picha, kofia kichwani, uma mkononi, jibini kidevuni, anacheka. Hakuna hakimu duniani ambaye angeitazama picha ile akamtoa mtu yule nyumbani kwake. Akaituma.

Kisha Lothar alisimama ghafla, kama aliyeitwa, na goti lake likaigonga meza. Kahawa yote ikammwagikia Traudel mapajani. Ilikuwa ya moto. Watu wakageuka.

"Kaa, kaa chini," alimwambia kwa sauti ya chini. "Si kitu. Kula keki yangu pia."

Mhudumu, binti mwenye nywele zilizopakwa rangi ya bluu, alikuja na kitambaa. "Pole, mama! Nenda chooni uweke maji baridi, la sivyo itakuachia malengelenge."

"Siwezi kumwacha..." Traudel alianza. Alitakiwa kuimaliza sentensi ile. Maneno yalikuwa mdomoni: mume wangu mgonjwa, mwangalie. Watu wa meza tatu walikuwa wanasikiliza. Akameza. "Siwezi kumwacha amalize keki yote."

"Nitamlinda!" mhudumu akacheka. "Msafisha dohani hapotei, mama, ndiye anayejua njia za juu na chini."

Alikaa chooni muda wa kulowesha sketi na kuikamua. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Keki zote mbili zilikuwa zimeliwa.

"Ametoka," mhudumu alisema, sinia mkononi. "Amesema kazi inamsubiri. Nilimfungulia mlango."

"Umemfungulia mlango?"

"Alikuwa amevaa nguo za kazi," binti alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na wasiwasi. "Nimekosea?"

Traudel alikuwa tayari nje.

Hapa ndipo anaponyamaza kila akisimulia, na shuka linabaki hewani. Kwa sababu kumpata kulikuwa rahisi. Mzee wa sweta angepotea bila alama. Huyu alikuwa amepita mjini kama bwana harusi. Kila mtu alimwona. Traudel alimwuliza mwanamume mwenye mbwa.

"Msafisha dohani? Mpaka nimemgusa!" alisema yule, akaonyesha kidole chake kama ushahidi. "Amepita kule, kuelekea kanisa la sokoni. Na wewe unaitafuta bahati?"

"Ana haraka?"

"Hao wana haraka lini?"

Aliwauliza wanafunzi wawili chini ya kibanda. Walikuwa wamepiga naye picha. Alimwuliza mwanamke wa posta.

"Amenisaidia kulishika geti," alisema yule. "Mzee mwenye adabu. Ameingia kichochoro kile."

Kila aliyemwona alikuwa amemwona akiwa peke yake, amelowa, anatazama juu. Na hakuna aliyejitolea kumtafuta, kwa sababu Traudel alimwuliza kila mmoja swali lilelile: umemwona msafisha dohani? Hakusema, hata mara moja, umemwona mzee mgonjwa aliyenipotea. Aliziona sentensi hizo mbili zimesimama sambamba, moja ya kuficha na nyingine ya kuokoa, akaendelea kuichagua ya kwanza. Aliamini bado ataweza kumshika kiwiko, wakaenda kituoni, wakarudi nyumbani, na simu ya jioni ikapigwa.

Simu ililia mfukoni. Anke.

"Picha nzuri sana, Mama. Nipe Baba nimsalimie."

"Yuko chooni."

"Nitasubiri."

"Usisubiri, foleni ni ndefu," Traudel alisema, na hapo akageuza macho juu bila kujua kwa nini, akamwona.

Alikuwa juu ya paa la nyumba ya manjano mwishoni mwa kichochoro, orofa nne kutoka chini. Kila paa la kwetu lina ubao mwembamba wa kukanyagia, umetoka kwenye kidirisha cha paa hadi kwenye dohani, uliowekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani. Lothar alikuwa ameupita ubao ule. Alikuwa ameikumbatia dohani kwa mkono mmoja na kuchungulia ndani yake. Kofia ilikuwa wima. Kutoka chini alionekana mzuri, kama picha za kadi tunazopeana mwaka mpya.

"Mama? Mbona unahema?"

"Kilima," Traudel alisema, akakata.

Mlango wa nyumba ya manjano ulikuwa wazi. Kwenye ngazi alimkuta mwenye nyumba, mama wa makamo aliyejifunga aproni, Bi Dahlke, anapanda polepole na glasi ya maji.

"Nampelekea fundi," alisema. "Amebisha tu, nikafungua. Baridi imeanza, tunawasha majiko, nikajua ni wakati wao. Sikumwuliza hata jina. Nani anamwuliza msafisha dohani?"

Traudel alimpita bila kujibu. Ngazi za mwisho zilikuwa za mbao, nyembamba, na kule darini palinuka vumbi na matufaha yaliyohifadhiwa. Kidirisha cha paa kilikuwa wazi na mvua ilikuwa inaingia. Alitoa kichwa nje.

Ubao ulikuwa umelowa, umeota utelezi wa kijani, na katikati ulikuwa na ufa. Upande wa pili wa ubao, mumewe.

"Lothar."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umetulia, umejaa masizi tayari, macho yanang'aa.

"Usipande, mama," alimwambia kwa upole. "Wateja wanakaa chini."

"Lothar, ni mimi. Traudel."

"Wanakaa chini," alirudia, sasa kwa ukali kidogo, na akahamisha mguu. Kigae kikalia chini ya kiatu.

Bi Dahlke alikuwa amefika, glasi bado mkononi. Alichungulia, akaelewa haraka kuliko watu wote wa siku ile. "Yule si fundi. Mungu wangu. Yule ni mzee." Akaiweka glasi juu ya boriti na kutoa simu. "Napigia zimamoto."

Traudel akamshika kifundo cha mkono. "Usipige."

"Niache!"

"Atashuka. Namjua. Nipe muda kidogo tu, nakuomba. Wakija na ving'ora mji mzima utajua. Binti yangu atajua."

"Atajua nini? Kwamba baba yake ameanguka kutoka kwenye paa langu?"

"Watamchukua," Traudel alisema. "Huelewi. Watamtoa nyumbani kwake."

"Achia mkono wangu, wee mama, umerukwa na akili?"

Walisimama hivyo, wanawake wawili wasiojuana, wanavutana chini ya kidirisha. Traudel alikuwa na nguvu. Aliwahi kubeba masufuria ya watoto themanini. Na hapo nje Lothar akajisogeza tena. Kigae kikachomoka. Walikisikia kikiteleza, sauti ndefu, kavu, isiyo na haraka, kisha kimya, kisha mpasuko barabarani, na sauti ya mtu akipiga yowe.

Hakikumpata mtu. Lakini katika kile kimya, kabla ya mpasuko, Traudel aliutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umekibana kifundo cha mwanamke mwingine, akaona kitu ulichokuwa unakilinda. Haukuwa unamlinda Lothar. Vidole vikaachia kimoja kimoja.

"Piga," alisema. Kisha maneno yakatoka, na alishangaa jinsi yalivyokuwa mafupi. "Waambie mume wangu ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Hajui yuko wapi. Hanijui mimi. Waambie waje haraka."

Bi Dahlke akashuka ngazi akizungumza na simu. Traudel akabaki peke yake darini. Akimwita mumewe, angegeuka, akigeuka, angeteleza. Asipomwita, angemaliza kazi yake na kuanza kurudi juu ya ubao ule wenye ufa.

Katikati ya dari, dohani ile ile ilipita, matofali yametoka sakafuni na kutokea juu kwenye paa, na ubavuni mwake palikuwa na mlango mdogo wa chuma wa kutolea masizi. Aliutazama. Zamani, wakati mwenzake Lothar wa kazi alipovunjika mguu, Traudel alimsaidia Lothar majira yote ya baridi, akisimama chini na ndoo wakati mumewe yuko juu na brashi. Wa juu haondoki mahali pake mpaka wa chini aseme. Ndiyo sheria. Lothar alimfokea siku moja kwa kusahau kusema, akasimama juu kwenye theluji mpaka miguu ikafa ganzi, lakini hakuteremka.

Akaufungua mlango wa chuma. Masizi yakamwagika juu ya sketi yake iliyolowa. Akaingiza kichwa gizani.

"Juu huko!" aliita. "Ngoja! Chini bado!"

Sauti yake ikapanda ndani ya matofali, ikawa nzito, si yake tena. Kwa muda hakuna kilichorudi ila upepo.

Kisha, kutoka juu, karibu mno, kama aliyesimama naye ndani ya ukuta: "Nasubiri!"

Alishika matofali kwa mikono yote miwili. "Usiondoke! Bado!"

"Siondoki!"

Mvua iligonga vigae. Kwa mbali king'ora kilianza, kikapotea nyuma ya kilima, kikarudi.

"Mnafanya nini huko chini?" sauti iliuliza. "Mnakunywa kahawa?"

"Tumeimwaga!" Traudel akapiga kelele, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko, akayameza pamoja na masizi. "Shikilia tu! Umeshikilia?"

"Miaka yote nimeshikilia!"

Gari la zimamoto lilijaza kichochoro. Aliwasikia wanatandaza ngazi, chuma kikirefuka kipande baada ya kipande, na amri fupifupi. Kisha sauti ya kijana, nje, laini: "Habari za kazi, fundi. Nipe mkono wako."

"Niache," Lothar alisema. "Sijaambiwa."

"Twende tu, taratibu."

"Nimesema sijaambiwa! Usinivute!"

Kigae kingine kikalia. Kijana akarudisha mkono. Na Traudel akaelewa kwamba neno lile lilikuwa lake peke yake, na kwamba akilisema, Lothar atashuka kutoka juu ya paa, na hatashuka mahali hapo tu. Atashuka kutoka orofa yao ya tatu, ngazi zetu, dirisha lake la jikoni, kiti chake. Alivuta pumzi. Alituambia kwamba pumzi ile ilikuwa na ladha ya miaka yote aliyofua makoti.

"Chini tayari!" aliita. "Lothar, kazi imekwisha! Shuka!"

"Tayari?"

"Tayari!"

"Haya," sauti ikasema, imechoka, imeridhika. "Nashuka."

Walipomfikisha ardhini, watu wa kichochoro walipiga makofi. Kijana wa zimamoto, uso umemwiva kwa hofu iliyopita, alikigusa kifungo kimoja bila kufikiri, kisha akaona haya. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimfunika Lothar blanketi na kumketisha ndani, milango imeachwa wazi. Hakuwa na jeraha ila viganja vilivyochubuka.

Traudel alikaa kwenye kizingiti cha gari na kupiga simu mwenyewe.

"Mko kwenye treni?" Anke aliuliza.

"Tuko ndani ya gari la wagonjwa. Hajaumia. Nisikilize, na usinikatize, maana ukinikatiza nitadanganya tena."

Akamwambia yote. Mabehewa, mwavuli, choo kisichokuwa na foleni. Alimwambia na alivyoushika mkono wa Bi Dahlke. Alingoja hasira, na ingemfaa hasira.

"Alikuwaje, huko juu?" Anke aliuliza.

"Alikuwa na furaha. Tangu astaafu sijamwona hivyo."

Ilisikika sauti ya mtu anayejaribu kulia bila kusikika. Hilo alilirithi kwa mama yake.

"Kile chumba," Traudel alisema. "Kiko orofa ya ngapi?"

"Chini kabisa, Mama. Kinatazama bustani."

"Hataona paa hata moja."

"Hapana."

"Ni vizuri." Alijifuta uso, akajipaka masizi mpaka sikioni. "Jumatatu tia saini. Na waulize kama wananiruhusu nije kila siku, hata asubuhi mapema. Kama hawaniruhusu, nitakuja hivyo hivyo."

Ndani ya gari, mhudumu alikuwa ameshika karatasi, anamwinamia Lothar.

"Jina lako, baba?"

"Wernicke, Lothar. Msafisha dohani."

"Vizuri sana. Na huyu mama hapa, unamjua?"

Lothar alimtazama mwanamke aliyekaa kizingitini, mweusi kwa masizi kuanzia nywele mpaka sketi. Alimtazama sana. Traudel hakumsaidia. Hakutabasamu wala hakutaja jina lake, aliacha tu atazamwe.

"Huyu," Lothar alisema, "ndiye wa chini."

Mhudumu hakuelewa. Akaandika: mke.